Vipindi vya Bunduki na Kiti cha Mzee Kanti

Mmeniuliza kwenye kundi letu la simu, ninyi mliohamishiwa ofisi mpya, ni kipindi gani kilikuwa bora kati ya vile vyote vya bunduki na kulenga shabaha tulivyovikagua kule Hayes, London. Mkaongeza na vikatuni vya kucheka, mkidhani nitajibu kwa neno moja. Nimestaafu, sina haraka. Nasema nimestaafu ingawa sijafika hamsini, kwa sababu kampuni ilipohamia mji mwingine na kuikabidhi mashine nusu ya kazi yetu, niliulizwa kama nitahama nayo. Mimi niliyetoka Voi nikaenda Mombasa, Mombasa nikaenda Doha, Doha nikaja Leicester kabla ya kuangukia Ilford, upande wa pili wa London, nilijishangaa nikisema hapana. Sasa natembea hadi barabara ya maduka na kurudi, na nikisikia mlango wa gari ukibamizwa najiuliza kama sauti na picha vimeendana.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ilikuwa kutazama televisheni kabla ya watu wengine. Mke wangu alipowaambia wenzake kanisani kwamba mumewe analipwa kwa hilo, muuguzi mmoja alimjibu, "Wangu anafanya bure." Chaneli ndogo za setilaiti zilituletea vipindi vyao, nasi tukavitazama tangu mwanzo hadi mwisho tukitafuta picha iliyoganda, sauti iliyopotea, tusi lililoponyoka, damu katika saa za watoto, na mahali pazuri pa kukatia matangazo. Chaneli moja ilikuwa ya bunduki tupu: mashindano, uwindaji, mafundi, wakusanyaji wa silaha kuukuu. Ndiyo niliyopewa siku ya kwanza, maana hakuna mgeni aliyewahi kuiomba.

Siku hiyo nilifika nikiwa nimevaa tai. Vyumba vya kukagulia vilikuwa vimegawanywa kwa mbao ndani ya ghala, na ndege za Heathrow zilipita juu chini kabisa hadi vikombe vya chai vikaimba. Aliyenipokea alikuwa mzee mfupi wa sweta ya kahawia, Kantilal, Mhindi mkaaji wa mtaa wa Queensbury, ambaye sote tulimwita Mzee Kanti. Alilisoma jina langu, Mwadime, akalitamka sawasawa, akanitazama juu ya miwani.

"Wewe toka wapi?"

"Voi, mzee."

"Voi! Mimi lala Voi moja siku, gari haribika. Mbu mingi sana. Mimi zaliwa Kisumu, najua mbu, lakini ile ya Voi hapana na adabu."

Sikutegemea kukaribishwa kazini London kwa Kiswahili, tena kwa kutukaniwa mbu wetu. Akanipa hedifoni nzito zenye ngozi iliyochanika, akanionyesha kipimo cha sauti kinachopanda na kushuka pembeni mwa skrini, akaniwekea kipindi cha visahani.

Mnakijua. Mtu anasimama uwanjani na bunduki ya marisau, anapiga kelele, mashine inarusha kisahani cha udongo angani, naye anakipasua au anakikosa. Mvua inanyesha. Mtangazaji anasema jambo la upole. Kinarushwa kingine. Nilikitazama chote bila kupepesa, nikaandika kwamba hakina kasoro.

"Rudia," akasema Mzee Kanti.

Nikarudia. Sikuona kitu.

"Wewe iko angalia sahani. Sahani hapana ambia wewe kitu. Sahani vunjika baadaye. Angalia bega."

Nikaangalia bega. Bega la mpigaji lilisukumwa nyuma, na mlio ukaja kumfuata, umechelewa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu akiwa amesinzia. Kipindi kizima kilikuwa hivyo. Marisau huchukua muda kukifikia kisahani, kwa hiyo kisahani hakifai kuwa shahidi. Lakini bega na mlio ni vya wakati mmoja. Ila kamera ikiwa imesimama mbali, ng'ambo ya uwanja, sauti kuchelewa kidogo ni haki yake, na ukiirekebisha umeiharibu. Ilinichukua muda mrefu kuzitofautisha sauti hizo mbili, na kuna siku Mzee Kanti na mimi tulibishana juu ya mlio mmoja hadi chai ikapoa.

Nilichotaka kujua ni kwa nini watu wanavitazama. Kwetu Voi bunduki ilikuwa kitu cha askari wa wanyamapori, inapita nyuma ya gari, hujui imetoka wapi wala inakwenda wapi. Doha nililinda jengo la vioo nikiwa na tochi. Sasa hapa kulikuwa na watu wazima waliokaa kwenye kochi Jumapili kutazama wengine wakipasua udongo. Nilivitazama vipindi vile kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani: sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kujua wanakula nini.

Kwa hiyo nilivilinganisha. Kile cha visahani kilikuwa na heshima yake: mpigaji akikosa, hakuna anayemcheka, na mwenzake humpisha kwa kuinamisha kichwa. Kile cha mwindaji wa milimani nilikipa majina mengi mabaya, kwa sababu mwenyewe alinong'ona tangu mwanzo hadi mwisho na kunilazimisha niongeze sauti, kisha akafyatua risasi moja masikioni mwangu. Lakini alijua kutembea. Nimetembea sana maishani, na sijaona mtu anayeweka mguu chini kwa makini kama yule. Kulikuwa na cha fundi aliyekarabati vitako vya bunduki za zamani kwa mafuta na kitambaa. Humo hapigwi mtu wala kitu, unasikia msasa tu. Mzee Kanti alikipenda kile cha ghala, ambamo kaka na dada wazee wanafungua masanduku ya silaha kuukuu na kubishana zilikuwa za nani. Mimi nilisema wale hawabishani juu ya bunduki, wanabishana juu ya baba yao. Mzee Kanti akasema ndiyo maana ni kizuri.

Na kulikuwa na cha theluji. Washindani wanateleza kwa mbao ndefu miguuni, bunduki mgongoni, wanapanda mlima hadi mate yanaganda kidevuni, kisha ghafla wanalala chini na kulenga viduara vyeusi vilivyo mbali. Ukipata, kiduara kinageuka cheupe. Ukikosa, unakwenda kuteleza mzunguko wa ziada wa adhabu huku wenzako wanakupita. Sikuona utamu wake mpaka alipokuja Espérance.

Espérance alitoka Bukavu, akapitia Kampala, akafika London, na kabla ya kuja kwetu alifagia ofisi na kuwaogesha wazee. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na sombe, kisamvu cha kwao, aliyoileta kwa chakula cha mchana iliwafanya hata wale wa chaneli za mapishi waje kuchungulia. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, ingawa tulikuwa marika. Ratiba ilimpa cha theluji wiki yake ya kwanza, na kabla ya saa sita tulimsikia kupitia mbao.

"Pumua kwanza! We mama, pumua!"

Nikagonga. Akatoa hedifoni sikio moja.

"Unaongea na nani?"

"Na huyu mwenye kofia ya kijani. Anapigaka mbio moyo ikiwa inaruka. Sasa ataona je ile duara? Mutu analenga kwa moyo iliyotulia, yaya."

Tangu siku hiyo alikuwa na mtu wake, yule binti wa kofia ya kijani, ambaye kwa kweli alikuwa mtelezaji hodari na mlengaji wa mashaka. Wakati wa chakula alimvaa Mzee Kanti.

"Papa Kanti, kile kipindi chako cha ghala ni cha kuchunga maiti. Bunduki hata moja hailii."

"Wewe penda kelele. Kile kipindi iko na historia."

"Historia ya vumbi."

"Na wewe penda mtu moja, kila siku iko kosa. Mimi kama kosa hivyo, hapa Hayes nafukuzwa zamani."

"Atapata tu. Utanunua keki."

Lakini kazini hapakuwa na mchezo. Yeye ndiye aliyegundua kwamba katika kipindi kimoja mtu wa sauti alikuwa amebandika mlio uleule kwa kila risasi. Sisi wengine tuliona sauti na bega vimeendana, tukaridhika. Espérance alisema aliyelala na aliyesimama hawalii sawa, na theluji inakula sauti ya aliyelala. Mzee Kanti alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akavua miwani na kuifuta kwa sweta. Sijawahi kumwona akimsifu mtu zaidi ya hapo.

Mzee Kanti alipotangaza kwamba anaondoka kwenda kulea wajukuu, suala likawa nani atashika kiti chake. Sisi tulizungushwa chaneli hii na ile kwa ratiba. Yeye peke yake alikuwa na chumba chake cha mwisho, chenye dirisha na spika nzuri, na chaneli ya bunduki ilikuwa chini yake, sisi tukiipitia kwa zamu tu. Mimi sikukitaka, kwa kuwa kiti cha kudumu hunipa kuwashwa. Espérance alikitaka. Hakuficha. Alikuwa amehamishwa vyumba, miji na nchi bila kuulizwa, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza London alichokitaka kwa sababu anakipenda, si kwa sababu kilikuwa kimebaki. Mzee Kanti akamwendea meneja wetu, Helen, akataja jina la Espérance.

Wiki hiyohiyo Helen alikutana na Espérance kwenye ujia, akitoka chumbani huku machozi yanamtiririka. Akamuuliza alikuwa anatazama nini. Espérance, ambaye kwa kilio hakuweza hata kusema vizuri, akajibu, "Bunduki."

Ilikuwa kweli. Binti wa kofia ya kijani alikuwa akiongoza mbio zote, akakosa kiduara cha mwisho, akamaliza wa nne. Espérance alikuwa amelilia hilo.

Helen alikuwa mwanamke mwema, na ninalisema bila utani. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya kuwatunza wafanyakazi waliopitia vita, na alijua Espérance anatoka mashariki mwa Kongo. Akajumlisha. Kesho yake ratiba mpya ilibandikwa: Espérance amehamishiwa chaneli ya mapishi moja kwa moja, na bunduki hazigusi tena. Juu ya meza yake aliwekewa chungu cha maua na kadi.

"Yaya, nisomee," akaniambia, ingawa aliweza kusoma mwenyewe.

Kadi ilisema kwamba wanamjali.

"Banajali nini?"

Nikamweleza nilivyoelewa. Alikisogeza chungu cha maua pembeni mwa meza.

"Kwa hiyo miye ni mgonjwa. Batu bote hapa banajua niko mgonjwa, ni mimi tu sijui."

"Hawakuuliza, ndiyo makosa yao."

"Na kiti cha Papa Kanti?"

Nikaitazama ratiba ukutani. Alielewa. Mchana ule alikagua kipindi cha keki za krimu, akaandika kwamba hakina kasoro isipokuwa mwongozaji anacheka sana.

Mzee Kanti alitaka tuende kwa Helen sote wawili. Nilikuwa nimeshapanga hotuba yangu kwenye treni, kuanzia Ilford hadi Hayes. Tulipomwambia Espérance, alituangalia kama watu waliomletea ratiba nyingine.

"Yule amesema kwa nafasi yangu. Sasa na ninyi munataka kusema kwa nafasi yangu. Miye niko na mdomo."

"Sisi saidia tu," akasema Mzee Kanti.

"Papa, aksanti. Kaa."

Akaenda peke yake. Helen mwenyewe alitusimulia baadaye yaliyosemwa, na Espérance alisahihisha alipokosea, kwa hiyo nadhani nina yote. Espérance hakuzungumzia vita. Alimuuliza Helen kama amewahi kutazama kipindi cha theluji.

"Vipande vipande," Helen akasema.

"Njoo ukitazame na mimi. Kipo kipya, cha Jumamosi. Hakijakaguliwa."

Kanuni yetu ilikuwa mtu mmoja chumba kimoja, lakini meneja ni meneja. Waliingia chumba cha mwisho, nasi tukabaki nje tukijifanya tunatafuta sukari. Helen alipewa hedifoni nzuri. Risasi ya kwanza ilipolia alishtuka hadi kiti kikarudi nyuma. Ya pili akafumba macho. Espérance alimwekea mkono juu ya mkono.

"Usifumbe. Ukifumba unasikia tu, na kusikia tu ndiyo kubaya. Fungua, tazama kiduara. Umeona? Kimegeuka cheupe."

Kisha akamwambia jambo ambalo mimi nilikuwa nimelitafuta miaka yote ile nikichungulia dirisha la jirani, na ambalo hakuwahi kuniambia, pengine kwa sababu sikumuuliza vizuri.

"Kwetu nilisikia risasi nyingi. Nilikuwa najiuliza kila mara, hiyo imekwenda wapi? Imeishia kwa nani? Usiku unapita, asubuhi unazunguka kuuliza. Hapa hakuna swali. Kila risasi unaona mahali ilipofika. Imepata ni nyeupe, imekosa ni nyeusi, mtu anabeba vitu vyake anaendelea na safari. Mimi napumzika nikitazama hiki, Helen. Kwenye mapishi ndiko ninakoumwa. Halafu na suruali zao ni nzuri."

Helen, kwa maelezo yake mwenyewe, hakujua kama acheke au afanye nini. Akamuuliza kuhusu yale machozi. Espérance akamwelezea binti wa kofia ya kijani, historia yake yote, mbio kwa mbio, kama mtu anayemsema shemeji. Wakatazama. Binti alikuwa anashika nafasi ya pili, amelala chini, viduara vyake vinageuka vyeupe kimoja baada ya kingine, ndipo simu ya Helen ikalia. Mkutano. Akasimama akiwa bado na hedifoni shingoni.

"Nitafikiria hilo suala la kiti," akasema. Kisha, mlangoni, "Wewe umeshakiona? Anashinda?"

Espérance alikuwa ameshakiona. Alikuwa ameingia asubuhi na mapema kabla yetu, kinyume cha ratiba, akakitazama mpaka mwisho.

"Kitaonyeshwa Jumamosi," akasema. "Kitazame kama watu wengine."

Mzee Kanti alimwambia alifanya kosa. Mtu mwenye uamuzi mkononi, unamnyima jibu? Espérance akasema mtu akipewa kila kitu hatarudi. Mimi niliona wote wawili wana haki, na Ijumaa sikuwa na uhakika kama Jumatatu tutamkuta Espérance kwenye bunduki au kwenye unga wa ngano. Mzee alianza kufunga vitu vyake kwenye sanduku: vikombe viwili, redio iliyokufa, picha ya ziwa. Kiti alikiacha kikiwa kimesukumwa chini ya meza, bila kumwelekea mtu yeyote.

Mliniuliza kipindi gani kilikuwa bora. Cha visahani kinakufundisha kazi. Cha fundi ni cha mgonjwa aliyelazwa. Cha ghala mtakipenda mkizika wazazi. Mwindaji mtazameni bila sauti. Cha theluji siwezi kukihukumu tena kwa haki, kwa sababu Jumamosi ile nilikaa nacho sebuleni Ilford, nikamwita mke wangu, naye akaja na bakuli la mchicha anaochambua, na sote wawili tukasimama bila kujua tumesimama saa ngapi.

Jumatatu Helen alifika mapema. Sisi tulikuwa tunavua makoti, yeye hakuvua. Alipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya Espérance, penye maua yaliyokwisha kunyauka.

"Alikosa cha mwisho," akasema. "Tena! Alikuwa amelala, ametulia, akakosa cha mwisho!"

"Nilijua tangu Alhamisi."

"Mume wangu alidhani kuna msiba. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenionea huruma tena," Espérance akasema.

Helen alibaki amesimama na mkoba begani. Ndege ikapita, tukangoja iishe, kama tulivyozoea.

"Vya wiki hii vimefika?" akauliza.

"Vimefika. Visahani viwili na theluji moja."

"Nani anavikagua?"

"Mimi," akasema Espérance.

"Haya," akasema Helen, akaenda kutundika koti lake.